Diwani Aliyegonga Tangi

Diwani alisikiliza akiwa amefumba macho. Waliomwona kwa mara ya kwanza kwenye vikao vya halmashauri walidhani amelala. Ofisa mmoja aliyetumwa kutoka mkoani aliwahi kumnong'oneza mwenyekiti kwamba yule mama aruhusiwe akapumzike. Mwenyekiti akatabasamu tu. Ofisa alipomaliza kusoma taarifa yake ndefu, Diwani akasema, macho bado kayafumba, "Mwanzoni umesema doria zinafanyika kila siku. Mwishoni umesema baiskeli zote mbili ni mbovu. Hao askari wanakwendaje?"

Mimi nilikuwa karani wa vikao. Nilikuwa msichana wa Masasi, niliyezoea joto na milima ya mawe, na nilipopangiwa kazi Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kitu cha kwanza kilichonishangaza ni ukungu. Asubuhi ulipanda kutoka bonde la Ruvuma, ukaingia ofisini kwa madirisha, karatasi zikalegea mkononi na taipu ikawa na ubaridi wa mtungi. Mpaka leo nikiikumbuka miaka ile naiona ndani ya ukungu huo. Watu wanatokea nusu, wanasema neno, wanapotea. Yeye tu ndiye ninayemwona mzima, anakuja kwa miguu kutoka Makote, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, viatu kavishika mkononi visiingie vumbi kabla ya kikao.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Korosho, ambazo zamani zilinunuliwa na ushirika peke yake, sasa zilinunuliwa na yeyote mwenye mizani na lori. Kila mara ukipita karibu na soko ulikuta ghala jipya la mabati. Watu wapya, mali mpya, na wezi wapya pia, kwa hiyo halmashauri ikaunda kamati ndogo ya madiwani ya kufuatilia mgambo na gari la zimamoto, na kupokea taarifa za polisi. Madiwani wanaume waliikwepa kamati hiyo kwa sababu haikuwa na safari. Uenyekiti akapewa yeye, na mimi nikawa mwandishi wake.

Neno lake lilikuwa moja: nionyesheni. Alilisema bila ukali, kama mgeni anayeomba maji ya kunywa. Kikao cha kwanza mkuu wa zimamoto alisoma kwamba gari lipo na liko tayari wakati wote. Alikuwa mtu mpole, mwenye watoto wengi, aliyekuwa dereva wa ushirika kabla ushirika haujadhoofika, na kikosi chake chote kilikuwa yeye na vijana wawili. "Nimekusikia, baba," Diwani akamwambia. "Sasa nionyesheni." Tukatoka sote uani. Gari lilikuwa lori kuukuu lenye tangi mgongoni, limepakwa rangi nyekundu kwa brashi. Kuku alikuwa ametagia kwenye kiti cha dereva. Diwani akalizunguka taratibu, akainama, akagonga tangi kwa kidole kilichokunjwa. Likalia kama ngoma.

"Maji yalikwenda wapi?"

Mkuu wa zimamoto akatazama chini. Maji yalikwenda kwenye nyumba ya ofisa mmoja aliyekuwa anafyatua matofali. Diwani hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba kuanzia siku hiyo tangi litajaa na litabaki limejaa, na kwamba yeye atapita kila Ijumaa kuligonga. Akapita kweli. Nilijifunza kutoka kwake kwamba tangi tupu linalia, la nusu linalia juu na kunyamaza chini, na lililojaa halisemi kitu, kidole ndicho kinachouma.

Asiyeishi uwandani hawezi kujua ugumu wa agizo lile. Kule juu hakuna mto wala chemchemi. Maji yanasukumwa kwa mashine kutoka bondeni, na mashine ikiharibika watu wanakunywa mvua waliyoivuna mwaka uliopita kwenye visima vya uani, na visima vikikauka wanateremka bondeni na ndoo na kupanda nazo, safari ya nusu siku. Kuweka tangi zima la maji yakae tu, yakingoja moto ambao huenda usije, lilikuwa jambo la kuumiza watu macho. Kiangazi wanawake wa kata yake mwenyewe walimfuata. Mmoja, aliyekuwa somo yake, rafiki wa siku nyingi, alimwambia mbele yangu, "Wewe unatulindia nini, somo? Kiu imeshafika, huo moto uko wapi?" Hakumjibu. Alimshika mkono akautikisa, akaondoka. Tulipofika mbali akaniambia, "Ana haki. Nami nina haki. Ndiyo maana nimenyamaza."

Alipenda kusomewa. Aliniambia mwanzoni kwamba macho yake ni mabaya na shule hakwenda mbali, kwa hiyo kila taarifa niisome kwa sauti. Nikasoma mwaka mzima. Kisha siku moja nikamkuta barazani kwa mpwa wake anasoma maandishi madogo ya karatasi ya dawa ya kikohozi, tena haraka, midomo haimchezi. Nikamwuliza kwa nini ananichosha. Akacheka mpaka kanga ikamteleza.

"Karatasi haina sauti, mwanangu," akasema. "Mtu akisoma jambo asiloliamini, sauti yake inashuka. Hata wewe, uliposoma muhtasari wa ile habari ya baiskeli, ulishuka."

Kwa polisi alikwenda kwa namna nyingine. Polisi hawakuwa chini ya halmashauri, na mkuu wa kituo alimweleza hilo mapema, kwa adabu zote. "Shikamoo mama. Naomba unielewe, wakubwa zangu mimi wako Mtwara."

"Marahaba baba. Sikuja kuwa mkubwa wako. Humo ndani kuna watu wa kwetu, nimekuja kuwasalimia."

Nani angemkatalia mama mtu mzima salamu? Kila Ijumaa, akishagonga tangi, tulikwenda mahabusu. Alisimama mlangoni, akamwuliza kila aliyekuwemo jina lake, amelala pale siku ngapi, na nani nyumbani anajua kwamba yuko pale. Mimi niliandika. Halafu alimpelekea mkuu wa kituo ile orodha na kumwambia, "Huyu ana siku nne. Nafikiri mmemsahau." Hakuwahi kusema wameonea mtu. Siku zote walikuwa wamesahau. Mkuu wa kituo alisahau, askari wa zamu alisahau, na kwa kuwa kusahau si kosa la kumwaibisha mtu, waliwakumbuka watu wale jioni hiyohiyo na kuwaachia au kuwapeleka mahakamani. Ijumaa moja tulikuta mahabusu tupu, sakafu imefagiliwa, na askari wa zamu anatabasamu. Diwani akasifu usafi. Kisha akasema amesikia kituo kina stoo nzuri nyuma, angependa aione. Ndani ya stoo walikuwemo vijana wawili wamekaa juu ya magunia. "Hamjambo wanangu," akawaambia, na mimi nikafungua daftari.

Nisimfanye malaika. Alihimiza vikao vianze kwa wakati na yeye ndiye aliyechelewa, kwa sababu njia nzima kutoka Makote alisalimia mtu mmojammoja, na salamu zake zilikuwa na maswali. Alipenda umbea wa ndoa za watu. Alikula ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, kikaoni, akiimenya chini ya meza. Gari aliliogopa, lori lile jekundu aliligonga miaka yote bila kulipanda hata mara moja. Na alikuwa na mpwa wake, yule wa barazani, aliyemwombea nafasi ya umgambo. Nafasi ilipatikana, na kijana akawa mvivu ambaye mji mzima ulimjua, analala lindoni mchana kweupe. Watu walimwambia Diwani. Alisema atafuatilia. Hilo moja hakutaka kuonyeshwa.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, mashine ya bondeni iliharibika wakati korosho zinaanza kuanguka. Wiki ya kwanza watu walilalamika, ya pili wakaanza kuteremka bondeni, ya tatu hata malalamiko yakakauka. Mji ukawa na ukimya wa ajabu. Asubuhi ukungu ulikuja na kuondoka bila kuacha tone, na watoto walilamba majani ya migomba. Tangi jekundu lilikuwa limejaa. Kila mtu alijua.

Siku ya Jumanne alikuja muuguzi aliyesimamia wodi ya wazazi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti kavu, na hakuomba kitu. Alisema tu, "Mama, tuna wazazi wanane na ndoo moja."

Diwani akainuka. "Nionyeshe," akasema.

Tukaenda. Sitaeleza yote niliyoyaona. Nitasema kwamba mtoto aliyezaliwa alfajiri alikuwa amefutwa kwa kanga kavu, na damu ilikuwa imemkaukia masikioni. Mama yake alikuwa anamtazama Diwani, midomo imempasuka. Diwani akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto. Aliporudi nje akamwita mkuu wa zimamoto, akamwambia alete gari, atoe nusu, nusu ibaki.

Mkuu wa zimamoto akasita. "Mama, agizo ni lako."

"Na hili pia ni langu. Nusu."

Lakini gari jekundu likipita mjini kwenye kiangazi kama kile halipiti peke yake. Lilipofika wodini, nyuma yake kulikuwa na wanawake na ndoo, madumu, sufuria, wengine na mabakuli tu. Walisimama kimya wakati maji ya wodi yanateremshwa. Kijana mmoja wa zimamoto alipofunga koki, hawakuondoka. Mmoja wao alikuwa yule somo yake. Diwani aliwatazama. Nilimwona akiinua mkono kama anayetaka kuwaambia waende, kisha akaushusha. Mwishowe akaketi kwenye ngazi ya wodi na kusema, "Wape." Wakapewa mpaka koki ikakohoa.

Jumatano ilipotea katika kutafuta mafuta. Alhamisi alfajiri mkuu wa zimamoto aliondoka na lori kwenda bondeni kujaza. Na Alhamisi hiyo, baada ya adhuhuri, ghala moja karibu na soko likashika moto.

Lilikuwa la mnunuzi binafsi, aliyeweka magunia makavu pamoja na salfa, ule unga wa njano tunaopuliza kwenye mikorosho. Salfa ikiungua haina moto wa kawaida. Ndimi zake ni za bluu, hafifu, mchana huzioni vizuri. Unachokiona ni moshi, nao unakaba kifua hata ukiwa mbali. Nakumbuka nimesimama kando ya barabara na leso puani, na kila kitu kilikuwa polepole. Watu walikimbia lakini kama wanaokimbia ndani ya maji. Mtu mmoja alikuwa amebeba cherehani kichwani, fundi ambaye nyumba yake ilikuwa inapakana na ghala. Alikwenda nayo mpaka mwisho wa mtaa, akasimama pale, hakuitua. Watu walirusha mchanga. Mlinzi wa ghala, mzee kidogo, aliingia kuokoa magunia ya watu, akatoka, akaingia tena. Mara ya tatu walimvuta kwa miguu.

Lori lilifika jioni, tangi limejaa, ghala limekwisha lala chini, vibanda vinne na nyumba ya fundi vimekwenda nalo. Mkuu wa zimamoto alimwaga maji yote juu ya majivu huku analia.

Mlinzi hakufa. Lakini kifua chake kiliharibika, na sauti ikamtoka. Toka siku hiyo alisema kwa pumzi tu.

Hapa naingia mimi, na sijivunii. Mkurugenzi aliniita, akaniamuru nichape taarifa ya kikao cha dharura. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kumwokoa Diwani, na kuiokoa halmashauri, na mtu wa kumtwika mzigo alikuwepo. Taarifa ilisema kwamba mkuu wa zimamoto aliacha koki wazi kwa uzembe, maji yakavuja, na kwamba anapendekezwa kuachishwa kazi. Nikachapa. Nakala tatu, kwa kaboni.

Kikao kilijaa. Watu wa soko walisimama madirishani. Muuguzi wa wodi alikuwepo mlangoni. Alikuwa amemwambia Diwani kwamba yuko tayari kusimama na kuwaeleza watu hali ya wazazi na wale watoto. Diwani alikataa. Nilikuwa karibu, nilimsikia. "Usiwalete wale watoto, mwanangu. Wakiingia humu ndani, mlinzi atatoka. Hakuna atakayemkumbuka."

Nikaambiwa nisome. Diwani akafumba macho kama kawaida yake. Nilisoma saa moto ulipoanza, nikasoma vibanda, nikasoma nyumba ya fundi. Nilipofika kwenye koki nilijitahidi. Naapa nilijitahidi sauti isimame palepale ilipokuwa.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

Akafungua macho. Hakunitazama mimi, alimtazama mkuu wa zimamoto, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, kofia mapajani, kama mtu ambaye ameshahukumiwa na anangoja kuambiwa njia ya kutokea.

"Koki ilikuwa nzima," Diwani akasema. "Maji niliyatoa mimi. Nilitoa nusu, kisha nikatoa yaliyobaki. Huyu bwana alinikumbusha agizo, nikamwambia atoe. Karani, andika."

Mkurugenzi akasema, "Mheshimiwa, labda tuahirishe kikao."

"Andika, mwanangu. Maji niliyatoa mimi."

Nikaandika. Dirishani mtu mmoja alisema kwa nguvu kwamba basi amlipie fundi nyumba yake. Wengine walinyamaza. Miongoni mwa walionyamaza walikuwemo wanawake waliojaza ndoo zao Jumanne. Diwani aliacha uenyekiti siku ileile. Mkuu wa zimamoto alibaki kazini, na inasemekana hakuongea na Diwani tena mpaka alipostaafu. Sijui kwa hasira au kwa aibu. Fundi naye aliacha kuitikia salamu zake. Uchaguzi uliofuata Diwani hakuchukua fomu. Nilihamishiwa Masasi kabla ya hapo, na kitu cha mwisho nilichosikia ni kwamba kila wiki anakwenda kwa mlinzi na uji wa mtama, na kukaa naye.

Miaka ikapita, mingi. Nilikuwa mtu mzima, mama Neema, nimekaribia kustaafu, nilipopanda Makote kwenye arobaini ya mtu wa ukoo wa mume wangu. Shughuli ilipokwisha nikauliza nyumbani kwa Diwani, nikaonyeshwa. Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, ungo wa njugu mawe mbele yake, amekuwa mdogo sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikamweleza. Ilimchukua muda. Kisha akasema jina langu la usichana, ambalo hakuna aliyeniita miaka mingi, akanionyesha pa kukaa.

Akaniuliza habari za zimamoto. Nikamwambia halmashauri hazina tena kazi hiyo, imechukuliwa na serikali kuu, wana sare nzuri sasa.

"Na diwani anaingia wapi?"

"Hana pa kuingia, mama."

Akachukua njugu, akaimenya. "Basi watu watapata taabu kidogo kuuliza," akasema, akaliacha hapo.

Mlinzi alikuwa amekufa. Alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa. "Alinisamehe siku ya kwanza niliyokwenda. Upesi mno. Nilitamani angenichelewesha kidogo. Ikabidi niende tena na tena, nione kama ni kweli."

Nikaona nisipolisema siku hiyo sitalisema tena. Nikamwambia ile taarifa ya koki niliichapa mimi nikijua ni uongo, na kwamba sikuwa na ujasiri wa kukataa, na kwamba limenikaa miaka yote.

Akaendelea kumenya njugu. "Ulikuwa na mimba," akasema.

Nikashtuka. Wakati ule sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Tulikuwa hatujaoana bado, na kazi ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Nilikuona ulivyoshika meza wakati unasoma," akasema. "Nikasema, huyu asiulizwe. Anaogopa kwa ajili ya wawili." Akaninyooshea mkono, akanigusa goti. "Alizaliwa salama?"

"Salama, mama. Ni msichana. Sasa ni mwalimu, yuko Tandahimba."

"Na jina lake?"

Nikamtajia. Akalirudia mara mbili, taratibu, kama anayelionja. Kisha akausogeza ungo katikati yetu, nami nikaanza kumenya pamoja naye. Baadaye basi la Masasi lilipita barabarani likipiga honi, na hakuna kati yetu aliyeinuka.